Kimo cha Tripodi Ndicho Kinachokula Fedha

Wapigapicha wamezoea kuambiana kwamba tripodi, ile stendi ya miguu mitatu ya kuwekea kamera, ina sifa tatu, yaani bei nafuu, wepesi na uimara, na kwamba mnunuzi atapata mbili tu. Kauli hiyo ina ukweli, lakini inaacha nje sifa ya nne inayozivuruga hizo tatu: kimo. Tripodi inayofika usawa wa macho, inayokunjwa ikaingia kwenye begi la mgongoni, na bado isiyotetemeka, ni ghali kwa sababu za kiufundi ambazo hakuna kiwanda kinachoweza kuzikwepa. Punguza kimo kwa sentimita 25 au 30, au kubali tripodi iliyokunjwa ibaki ndefu kidogo, na fedha ya kawaida itanunua kifaa cha kuaminika. Mnunuzi wa mara ya kwanza haambiwi hivyo. Hununua kimo kwanza, na uimara ndio unaokatwa.

Tuanze na kazi yenyewe. Chukua kamera ya fremu kamili yenye pikseli 6,000 kwa upana. Sensa yake, yaani sehemu ya ndani inayopokea mwanga, ina upana wa milimita 36, kwa hiyo kila pikseli ina maikromita 6 hivi. Ukifunga lenzi ya milimita 200, kamera inahitaji kugeuka kidogo sana ili picha nzima ihame pikseli moja: ni sawa na kusogeza ncha ya fimbo ya mita moja kwa milimita 0.03. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko hapo. Kwa lenzi ya milimita 24, kugeuka kulekule kunahamisha picha kwa sehemu moja ya nane tu ya pikseli. Ndiyo maana tripodi moja inaweza kusifiwa na mpigapicha wa mandhari mwenye lenzi pana na kulaumiwa na mpigapicha wa ndege, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Jiulize kwanza lenzi ndefu kuliko zote utakayoiweka juu yake ni ipi. Uzito wa kamera ni swali la baadaye.

Na hapo ndipo namba ya uwezo wa kubeba, ile inayoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi, inapowapotosha wengi. Hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vimekubaliana kukitumia. Mmoja huandika mzigo ambao makufuli ya miguu hayatelezi, mwingine huupunguza mara kadhaa kwa tahadhari, mwingine huandika mzigo ambao kichwa pekee, yaani sehemu ya juu inayofungiwa kamera, kinaushika kamera ikiwa imekaa wima kabisa. Bomba la alumini la milimita 22 linaweza kubeba mzigo mkubwa bila kuvunjika na bado likacheza kama ufito ukipitiwa na upepo. Namba ya kilo 8 inakueleza kama tripodi itabonyea, haikuelezi kama itatulia. Itumie kulinganisha modeli za chapa moja tu, na hata hapo ichukulie kama dokezo.

Kinachoeleza utulivu ni kipenyo cha mabomba na idadi ya vipande vya kila mguu. Kwa mabomba yenye ukuta wa unene sawa, uwezo wa kukataa kupinda na kusokotwa hupanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo, yaani kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Bomba la milimita 28 lina ukakamavu maradufu ya lile la milimita 22, ingawa mkononi tofauti yake inaonekana ndogo. Sasa kila kipande kinachoingia ndani ya kingine hupungua kwa milimita 3 hivi. Mguu wa vipande vitatu ulioanza na 28 unaishia na 22. Wa vipande vinne unaishia na 19. Wa vipande vitano unaishia na 16. Kipande cha milimita 16 hakifiki hata moja ya tano ya ukakamavu wa kile cha juu. Matangazo hutaja kipenyo cha juu kwa sababu ndicho kinachopendeza. Wewe uliza cha chini, au kipime mwenyewe.

Halafu kuna viungo. Kila kufuli kati ya vipande viwili ni mahali ambapo kuna mwanya mdogo, hata kwenye tripodi ghali. Miguu mitatu ya vipande vitatu ina makufuli 6. Ya vipande vitano ina 12. Unalipia makufuli sita ya ziada, unayafungua na kuyafunga kila unapohama, unayasafisha mchanga, na malipo yako ni tripodi iliyokunjwa ikawa fupi. Kwa anayesafiri kwa ndege na begi dogo, hiyo ni faida ya kweli na hatuibezi. Kwa anayefanya kazi studio, au anayebeba vifaa kwenye gari, ni hasara tupu.

Urefu nao unafuata kanuni kali vilevile. Bomba lililobanwa upande mmoja na kusukumwa upande wa pili hupinda kwa kipeo cha tatu cha urefu wake. Ukishusha miguu kutoka sentimita 140 hadi 110, bomba lilelile linakuwa na ukakamavu maradufu, na kwa kweli faida inazidi hapo kwa sababu sentimita ulizozirudisha ndani ni za kile kipande chembamba kuliko vyote. Kwa hiyo kufungua miguu kuna utaratibu wake: anza na vipande vinene vya juu, chembamba cha mwisho kitoke pale tu unapokihitaji. Wengi hufanya kinyume, huanza na cha chini kwa sababu mkono unakifikia kwanza, kisha hushangaa tripodi ya milimita 28 inavyotikisika.

Je, kimo gani kinatosha? Hesabu yake ni nyepesi. Macho ya mtu wa sentimita 170 yako kwenye sentimita 158 hivi. Kioo cha kuchungulia kiko kama sentimita 8 juu ya kitako cha kamera, na kichwa cha tripodi pamoja na bamba lake la kufungia kamera hula sentimita 10 hadi 11. Miguu ya sentimita 139 au 140, bila nguzo ya kati kunyanyuliwa, inamweka mtu huyo wima bila kuinama. Anayepiga kwenye miteremko aongeze 15 au 20, kwa kuwa mguu wa bondeni lazima uwe mrefu kuliko mingine. Lakini kamera nyingi za sasa zina skrini inayokunjuka kuelekea juu. Mwenye kamera ya namna hiyo anafanya kazi vizuri na miguu ya sentimita 110 hadi 120, usawa wa kifua, na hizo sentimita 20 alizoziacha ndizo zinazompa mabomba manene zaidi kwa bei na uzito uleule. Tungemshauri hivyo karibu kila mtu anayetumia skrini kuliko kioo cha kuchungulia. Tunachokipoteza ni pembe chache za juu, hasa mbele ya ua, ukuta au kundi la watu waliosimama.

Nguzo ya kati si sehemu ya kimo. Ukiinyanyua, umeweka kijiti kimoja juu ya miguu mitatu, na kijiti hicho kinashikiliwa na kufuli moja. Tripodi inayotangazwa kuwa na sentimita 160 huenda ina 130 za miguu na 30 za nguzo. Isome kama tripodi ya 130. Nguzo inasaidia kwa simu, kwa lenzi pana, au unapohitaji kusahihisha sentimita mbili tatu bila kugusa miguu. Zaidi ya hapo iache chini. Nguzo ndefu isiyokatika vipande viwili ina kero nyingine pia: inazuia miguu isitandazwe hadi karibu na ardhi, na mpigapicha wa maua na wadudu atajuta.

Sasa fedha na uzito. Tangu kampuni ya Gitzo ilipotoa tripodi za kaboni faiba, yaani nyuzi za kaboni, mwaka 1994, jina la kaboni limekuwa alama ya ubora, na hapo ndipo wengi hulipa bila kujua wanalipia nini. Kaboni faiba ina msongamano wa takriban gramu 1.6 kwa sentimita moja ya ujazo, alumini 2.7. Lakini mabomba si tripodi nzima: bega (pale juu miguu inapokutania), makufuli, bolti na kichwa hubaki vya chuma au plastiki. Kwa miguu ya vipimo sawa vya ukubwa wa kati, tofauti halisi huwa gramu 400 hadi 500, na bei mara nyingi hukaribia maradufu. Kaboni pia hutuliza mtetemo haraka zaidi, na haiumizi viganja asubuhi ya baridi kali kama alumini. Ikigongwa vibaya, hata hivyo, alumini hubonyea na kaboni hupasuka; bomba lililobonyea huenda likagoma kuingia ndani ya jingine, lililopasuka ni la kubadilisha.

Kwa hiyo kaboni ni malipo ya kubeba. Anayetembea saa nyingi na tripodi mgongoni atazihisi zile gramu 500 kila siku, na fedha yake imekwenda mahali pake. Anayetembea dakika kumi kutoka kwenye gari ameinunua kwa fahari. Na kibaya kuliko vyote ni kaboni ya bei ndogo yenye bomba la juu la milimita 22 na vipande vitano: ina jina, ina wepesi, na inashindwa na alumini ya kawaida ya milimita 28 katika kazi pekee ambayo tripodi iliundwa kuifanya. Mwenye fedha za kuchagua kati ya hizo mbili achukue alumini nene bila kusita.

Kichwa kinastahili karibu theluthi ya bajeti yote, na hapa watu hubania kupita kiasi. Kwa picha za kawaida, kichwa cha gololi, chenye tufe linalogeuka kila upande, kinatosha, mradi gololi yenyewe iwe na kipenyo cha milimita 36 au zaidi; kwa lenzi nzito tafuta 44 na kuendelea. Gololi kubwa hushika kwa urahisi kwa sababu msuguano unafanya kazi mbali zaidi na kitovu. Ugonjwa wa vichwa vya bei ndogo ni kudondoka: unapanga picha, unakaza kitasa, unaachia mkono, na fremu inashuka kidogo. Kwa lenzi pana huenda usione. Kwa picha za karibu au lenzi ndefu unalazimika kupanga juu kuliko unavyotaka ili ianguke mahali pake, na baada ya saa moja ya kazi hiyo uvumilivu umekwisha. Kichwa cha mikono mitatu ni kizito na kinachukua nafasi, ila kwa majengo na bidhaa kinashinda, kwani unarekebisha mwelekeo mmoja bila kuharibu mwingine. Kwa video ni hadithi tofauti: kugeuza kamera kwa ulaini kunahitaji kichwa chenye kimiminika ndani, na gololi haitafanya kazi hiyo hata ikiwa ya bei gani.

Angalia pia bamba la kufungia kamera. Mfumo wa Arca-Swiss, wenye bamba la upana wa milimita 38 hivi na kingo zilizoinama, umeenea kiasi kwamba kununua mfumo mwingine wa kampuni moja ni kujifunga. Haujawahi kuwa kiwango rasmi, ndiyo maana mabamba ya viwanda tofauti hutofautiana kidogo: kibanio cha wenzo kinaweza kulegea kwa bamba moja na kukataa kufunga kwa jingine, wakati kibanio cha kitasa cha kuzungusha huyapokea yote. Skrubu za kamera ni za robo inchi, na zile zinazounganisha miguu na kichwa ni za inchi 3/8, kwa hiyo vichwa na miguu ya kampuni tofauti hukutana bila shida. Nunua vitu viwili tofauti ikiwa mseto huo unakufaa zaidi.

Kifaa kimoja kidogo kinapuuzwa mno: bamba la umbo la L. Ukitaka picha ya wima kwa bamba la kawaida, unalaza gololi kwenye mkato wake wa pembeni, na kamera yote inaning'inia nje ya kitovu. Kamera na lenzi za kilo 1.5 zikiwa sentimita 10 nje ya kitovu huvuta skrubu ya bamba mpaka ilegee, huvuta gololi, na huiegemeza tripodi nyepesi upande mmoja. Bamba la L linairudisha kamera juu kabisa ya miguu. Gramu zake 100 hivi humfaa mpigapicha wa wima kuliko nusu kilo ya uzito kwenye miguu. Kwa lenzi ndefu yenye pete yake ya kufungia, funga pete kwenye kichwa, kamwe si kamera.

Kabla ya kulipa, ifungue tripodi yote, nguzo ikiwa chini. Weka kiganja juu ya bega na ukandamize kila mguu kwa zamu kwa uzito wa mwili. Kufuli lolote lisiteleze. Kisha shika bega na ulisokote kushoto na kulia polepole. Kuna miondoko miwili ya kutofautisha hapa. Mmoja ni wa chemchemi: miguu inapinda kidogo na kurudi, na hiyo ni tabia ya mabomba. Wa pili ni wa mlegeo: unasikia mbofyo au mwanya kabla ya kitu chochote kukataa, na huo unatoka kwenye bawaba za bega au kwenye makufuli. Mlegeo wa bawaba mara nyingi hutibika kwa kukaza bolti zake kwa spana ya pembe sita. Mlegeo wa makufuli kwenye tripodi mpya ni sababu ya kuiacha dukani.

Kipimo cha mwisho kinataka kamera. Funga lenzi yako ndefu, elekeza kitu cha mbali, kuza picha kwenye skrini hadi mwisho, kisha gonga ncha ya lenzi kwa kidole. Hesabu muda hadi picha itulie. Ikitulia ndani ya sekunde moja, umepata. Ikichukua mbili, taima ya sekunde 2 itakutosha kwa taabu. Ikizidi tatu, hiyo ni tripodi ya lenzi fupi kuliko hiyo uliyofunga. Fanya hivyo mara mbili, miguu ikiwa imefunguliwa yote na kisha kipande cha mwisho kikiwa ndani, na utaiona kwa macho ile kanuni ya kipeo cha tatu.

Tripodi nyepesi inaweza kusaidiwa ikiwa kazini. Mguu mmoja uelekee mbele chini ya lenzi. Kwenye mteremko, miwili iwe upande wa bondeni. Kwenye mchanga au udongo laini, ikandamize mpaka ikome kuzama kabla ya kupanga picha, maana ikizama katikati ya sekunde 30 za mwanga hakuna cha kuokoa. Begi likining'inizwa kwenye ndoano liguse ardhi kidogo. Likiachwa hewani upepo unalibembeza, na bembea hiyo inapanda hadi kwenye kamera. Vua mkanda wa kamera, kwa sababu siku ya upepo hufanya kazi ya tanga. Tumia rimoti au taima. Kamera yenye kioo cha ndani (DSLR), kiinue kioo kwanza: mshtuko wake huharibu zaidi kasi za kati za shata, yaani muda wa kupokea mwanga, kuanzia takriban nusu sekunde hadi 1/60 ya sekunde, kwa kuwa katika sekunde 30 unamezwa na muda uliobaki. Kidhibiti mtikisiko kizimwe, isipokuwa maelezo ya lenzi au kamera yanasema kinatambua tripodi chenyewe.

Kwa vipimo, tungeanzia hapa. Mpigapicha wa kawaida asiyevuka milimita 200: bomba la juu la milimita 28, vipande vitatu au vinne, sentimita 115 hadi 140 bila nguzo kulingana na ile hesabu, kichwa cha gololi ya 36 hadi 40, jumla ya kilo 2 hadi 2.5 kwa alumini au kama nusu kilo pungufu kwa kaboni. Anayevuka milimita 300 aanzie bomba la 32. Anayetumia simu au lenzi pana tu anaweza kushuka hadi 22 au 25 na kubeba kilo moja na robo bila hatia yoyote.

Mwenye fedha kidogo atafute iliyotumika. Tripodi haina umeme wa kuchoka wala programu ya kupitwa na wakati, na alumini nene ya vipande vitatu hushuka bei sana kwa sababu wenyewe wanataka kitu chepesi zaidi. Kagua mabomba kwa kuyapitisha vidole kutafuta mibonyeo, fungua na ufunge kila kufuli, angalia kama vizuizi vya pembe kwenye bega bado vinabana, na kama soli za mpira zipo zote tatu. Makufuli ya klipu yaliyolegea hukazwa kwa spana. Ya kuzungusha yanayosaga yana mchanga: yafungue mguu mmoja kwa wakati ili usichanganye vile vipande vya plastiki vya ndani, yaoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yakaushe, na paka grisi nyembamba kwenye meno ya skrubu pekee. Ikigusa plastiki inayobana bomba, mguu utateleza. Bomba lililopasuka, au meno ya skrubu yaliyolika, usinunue hata kwa bei ya kutupa, isipokuwa una hakika kwamba kiwanda chake bado kinauza vipuri hivyo.